Inchi Nne Katika Faili la Wazi

Owosso, Michigan
Januari 12

Dada Regina,

Salamu kutoka kwenye theluji. Tangu asubuhi naizoa mlangoni, na kila nikigeuka naikuta imerudi, kama wanasiasa wenu. Wifi yako Dolores anakusalimu. Anasema bakuli ulilosahau hapa mkesha wa Krismasi bado liko kabatini kwake na hana haraka ya kulirudisha.

Mimi sijambo, ila magoti. Nina miaka hamsini na minne na magoti yangu yana sabini. Kiwandani nimebakiza miezi kumi na minne nitimize miaka thelathini ya kazi. Unajua utaratibu: ukitimiza thelathini unaondoka na pensheni kamili, ukiondoka na ishirini na tisa na nusu unaondoka na hadithi.

Sasa. Najua uliniambia, mikono yako ikiwa kwenye maji ya vyombo: "Kaz, mpaka kanuni hii iishe, usiniandikie neno lolote la magari." Nikaitikia. Mimi huwa naitikia, muulize Dolores. Lakini hili ni dogo, wala si la siasa. Ni la tepu ya kupimia.

Nimesoma gazetini kwamba ofisi yenu inataka magari yapunguze ulaji wa mafuta. Sawa. Kule kantini nusu ya watu wanasema mnataka kutuua, nusu wanasema mmechelewa, na wote wanadokoa viazi vyangu vya kukaanga. Mwezi wa nane tunaanza kuunda modeli mpya. Gari ni lile lile la familia, ila ekseli ya nyuma imesogezwa nyuma inchi nne. Nikamuuliza mhandisi wetu, Bi. Prentiss, "Hizi inchi ni za nini, miguu ya abiria?"

Akacheka. "Kaz, viti havijasogea hata unywele. Inchi hizi ni za Washington."

Akanichorea kwenye karatasi ya sandwichi. Kumbe sheria yenu inapima eneo lililo kati ya magurudumu manne. Eneo likiwa kubwa, gari linaruhusiwa kula zaidi. Basi badala ya kuipunguzia injini kiu, wanalirefusha gari. Na sakafu ya nyuma wameilaza ikawa sawa, ili gari likubalike kuitwa lori, maana lori nalo linaruhusiwa kula zaidi. Dada, gari la kupelekea watoto kwenye mazoezi ya mpira limeandikishwa kuwa lori. Mnajenga ukuta mrefu na lango mmeliacha wazi.

Nakwambia kwa kuwa wewe ni dada yangu na sipendi watu wakucheke. Hili usinijibu. Nijibu kuhusu bakuli.

Ndugu yako,
Kaz


Washington
Januari 21

Kaz, mdogo wangu,

Barua yako niliisoma jikoni nimesimama, koti bado mwilini. Nimekaa nayo siku mbili. Siku ya tatu nimeipeleka kazini na kuiingiza kwenye faili.

Nitakueleza tena, taratibu, maana naona ulipokuwa unaitikia ulikuwa unawaza nyama. Kanuni ikiwa mezani, neno lolote tunaloambiwa kuihusu, na mtu yeyote, linaingia kwenye faili la wazi. Analisoma anayetaka: mwandishi wa habari, mwanafunzi, mwanasheria wa kampuni. Hakuna mstari unaosema "isipokuwa ndugu." Tena kwangu ni vibaya zaidi, kwa sababu nilipoanza kazi hii nilijaza fomu kwamba mdogo wangu anaunda magari. Nikificha barua yako, siku ikijulikana watasema kanuni nzima iliandikwa mezani kwa Dolores.

Nimefunika kwa wino mweusi magoti yako, bakuli, na jina la mhandisi. Mwanasheria wetu alikubali hayo. Jina lako limebaki. Lazima ionekane ni ndugu yangu.

Kuna wakati ningekuandikia kurasa mbili za kujitetea. Sasa sina hizo kurasa. Kaz, hii ni mara ya nne naiandika kanuni hii hii. Serikali moja inasema kaza, inayofuata inasema legeza. Nina makabati manne nyuma ya kiti changu: imelegezwa, imekazwa, imelegezwa, na hili la sasa ambalo sijalibandika jina. Nimebakiza miaka mitatu, na sijui kama nitastaafia kwenye kukaza au kwenye kulegeza.

Mlango wa maoni ya wananchi unafungwa Machi 21. Mpaka hapo, na baada ya hapo, usiniandikie habari za magari. Safari ile nilikuagiza. Safari hii nakuomba.

Dada yako,
Regina

Bakuli ni la mama. Mwambie wifi asijifanye hajui.


Owosso
Januari 30

Dada,

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ulipoweka utani.

Nina swali kuhusu karatasi kwa ujumla, si karatasi fulani. Karatasi ikishaingia mahali, haiwezi kutoka? Nauliza tu, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa.

Mwanzoni nilijiambia, nani anasoma mafaili ya serikali? Kumbe yuko mtu analipwa kuyasoma. Jumatatu msimamizi wangu, Gus Tillery, alinijia mezani amekunja mikono. "Kaz," akasema, "sikujua una kipaji cha kuandika."

Nikamwambia mimi huwa naandika kadi za siku za kuzaliwa tu.

"Hii ilikuwa ndefu kuliko kadi," akasema.

Nimeitwa ghorofa ya juu Alhamisi. Miaka karibu thelathini pale, lifti ile sijawahi kuipanda. Nilidhani ni ya mizigo. Dolores amenipigia pasi shati. Kwa sasa hasemi nawe, na ameniagiza nikuandikie hivyo. Ameniagiza pia: "Mwambie dada yako kwamba kwenye familia hakuna wino mweusi."

Mimi sijakasirika. Nilijaribu jana jioni, ila hasira inataka nguvu, na nilikuwa nimetoka kuzoa theluji.

Kaz


Februari 16

Kwa Ofisi ya Kanuni ya Ulaji wa Mafuta
Washington

Yah: UFAFANUZI WA BARUA YANGU YA JANUARI 12

Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu.

Mimi niliyetia sahihi hapa chini napenda kufafanua kuwa maelezo niliyoyatoa awali yalitokana na kutoelewa kwangu masuala ya kihandisi yaliyo nje ya ujuzi wangu. Ongezeko la umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma limekusudiwa kuboresha faraja ya abiria na utulivu wa gari barabarani, kwa kuzingatia matakwa ya wateja. Halina uhusiano wowote na vipimo vinavyotumiwa na Ofisi yako.

Nasikitika kwa usumbufu uliojitokeza.

Wako mtiifu,
Casimir J. Wojtas
Mkaguzi wa Ubora


Washington
Februari 24

Mdogo wangu,

Barua yako rasmi imefika. Imepewa namba na kuwekwa karibu na ile nyingine. Zaidi ya hapo siruhusiwi kusema, ila nitasema kama dada kwamba tangu uzaliwe sijawahi kusikia neno "utulivu" likitoka kinywani mwako.

Huna haja ya kunieleza. Miezi yako naihesabu kama wewe unavyoihesabu.

Habari za hapa ni ndogo. Kipasha joto cha ofisini kimeharibika, tunafanya kazi tumevaa makoti, kila mmoja anaonekana kama yuko njiani kuondoka. Jumanne ya kuamkia Jumatano ya Majivu nilizunguka mji nikitafuta paczki, zile donati za Kipolandi zenye jemu ndani. Nikauziwa donati ya kawaida iliyomwagiwa sukari, na muuzaji akaniapia kwamba ndiyo yenyewe. Niliila kwenye benchi la kituo cha treni nikimkumbuka mama, alivyokuwa akitupiga mikono na mwiko tusizile kabla jemu haijapoa. Wewe ulikuwa unakula hivyo hivyo, unaungua, unasema haijakuunguza.

Nisalimie wifi, hata kama salamu hazipokei.

Regina


Owosso
Machi 10

Dada,

Salamu zimepokelewa. Dolores sasa anasema nawe, kwa masharti ambayo bado anayaandaa.

Habari za kule kusikotajwa sizitaji. Hili nadhani si la kanuni, ni la matusi tu: kuna mtu amebandika karatasi fulani yenye sahihi yangu kwenye kabati langu la nguo kule kazini, na tangu hapo jina langu limekuwa Bwana Faraja. Nikipita kantini: "Bwana Faraja, benchi hili halina utulivu, njoo ulikague." Ijumaa tukicheza karata kwa rafiki yangu Stosh, nilishinda mara tatu, na Stosh akasema, "Tusubiri, kesho ataleta barua ya kufafanua kwamba hakushinda."

Nilicheka. Mimi huwa nacheka. Nilifika nyumbani nikakaa garini nje mpaka Dolores akatoka na kuniuliza kama nimenunua nyumba nyingine humo ndani.

Nina neno la kusema, Dada, na siwezi kukuambia wewe. Basi nitaliambia faili.

Kaz


Owosso, Michigan
Machi 19

Kwa faili,

Jina langu ni Casimir Wojtas. Humo ndani tayari nina barua mbili. Nimesoma tangazo lenu: kila mwananchi anaruhusiwa kutoa maoni, na halisemi mara ngapi.

Chama cha watengenezaji magari kimewaletea waraka wa kurasa mia nne. Nimeusoma kwenye kompyuta ya maktaba kwa siku tatu, na nusu yake sikuielewa. Ukurasa wa 212 nimeuelewa, kwa sababu ni mimi. Unasema hata mkaguzi wa Michigan mwenye uzoefu wa miaka ishirini na tisa amethibitisha kwamba gari limerefushwa kwa faraja ya abiria, kwa hiyo ofisi haina sababu ya kubadili namna ya kupima.

Barua yangu ya pili nilitia sahihi. Sikuiandika. Ya kwanza niliiandika mwenyewe, ingawa niliiandika kwa mtu mwingine na haina adabu za ofisini. Mkilazimika kuamini moja, aminini hiyo.

Baada ya kusoma ukurasa ule nilirudi kulipima gari la majaribio la modeli mpya. Kutoka kiti cha nyuma hadi cha mbele ni kama mwaka jana. Upana wa mlango ni kama mwaka jana. Ekseli ya nyuma imerudi inchi nne. Ndani ya inchi hizo hakai mtu.

Sitaki kiwanda kifungwe. Kikifungwa, mji wangu utabaki na kanisa na duka la bia. Lakini wahandisi wetu wanajua kutengeneza injini inayokunywa kidogo. Ipo, inafanya kazi, nimeisikia. Imesimama pembeni imefunikwa turubai, kwa kuwa inchi ni rahisi kuliko injini. Mkiziba lango, watalivua hilo turubai. Mkiliacha wazi, mwakani nitakuwa napima inchi sita.

Hayo ndiyo maoni yangu. Nimebakiza mwaka mmoja kutimiza thelathini, na msimamizi wangu atayasoma haya kabla yenu. Habari za asubuhi, Gus.

Casimir Wojtas


Washington
Alhamisi, Mei 14, mwaka uliofuata

Kaz, mdogo wangu,

Soma hii haraka. Kanuni ilisainiwa Desemba, kesi dhidi yake imefutwa jana, na serikali mpya inafungua faili jipya Jumatatu. Maana yake kwa mwaka mmoja na miezi minne hii ndiyo mara ya kwanza hakuna kitu mezani. Tuna siku nne za kuongea kama ndugu, nami nimetuma hii kwa posta ya haraka.

Kwanza kanuni. Niliandika namna mpya ya kupima, ambayo ingezihesabu inchi zako zote nne kuwa bure. Wakubwa wangu wa ghorofa ya juu wakaikata. Nikaiandika tena kwa maneno mengine, wakaikata kwa kalamu nyingine. Mwisho wakakubaliana: inchi mbili zinahesabiwa, mbili hazihesabiwi. Usiniulize kisayansi ni kwa nini mbili. Ni kwa sababu mbili iko katikati ya nne na sifuri.

Pili, wewe. Sheria inatulazimu kumjibu kila aliyetoa maoni, ila tunaruhusiwa kuwafunga wengi kwenye fungu moja. Bosi wangu aliandika: "Baadhi ya wafanyakazi walitoa maoni yanayotofautiana." Nikafuta, nikaandika: "Ofisi imezisoma barua zote tatu za Bw. Casimir Wojtas na inazipa uzito ya kwanza na ya tatu." Akafuta. Nikarudisha. Akafuta tena, nikarudisha tena, na mara ya tatu akaiacha. Alichoka kabla yangu. Huo ndio ustadi pekee niliobaki nao. Ni ukurasa wa 618.

Jumatatu wananikabidhi kazi ya kuilegeza. Namba za kuhalalisha ulegezaji lazima zitoke mezani kwangu, na tayari nimeulizwa, kwa upole, kama zile inchi mbili "zina umuhimu wowote." Nitahitaji kabati la tano.

Tatu ndiyo ngumu. Wifi alinieleza kwa simu jinsi walivyokutoa kwenye ukaguzi wakakupeleka kuosha makreti, na kwamba mwezi Machi ulitimiza thelathini yako ukiwa na mpira wa maji mkononi, bila hata kipande cha keki. Na kabla ya hapo, ile barua ya pili. Najua walikutishia, Kaz. Nilijua siku ile ile ilipofika, nikakuandikia habari za donati. Mimi ndiye niliyekuweka kwenye ile lifti. Naomba unisamehe.

Dada yako,
Regina


Owosso
Jumamosi, Mei 16

Dada,

Barua imefika saa nne, posta inafunga saa sita, na Dolores ameshawasha gari. Muhuri utasema Jumamosi. Ikikufikia Jumatatu, nayo ina haki yake.

Ukurasa wa 618 nitausoma wiki ijayo, maktaba leo imefungwa. Kuhusu makreti usijali, nilipata mikono safi kuliko mtu yeyote kule kiwandani.

Lakini umeomba samahani ya jambo ambalo halikutokea. Nimewaacha watu wote waamini hivyo, hata Stosh, hata huyu anayenisubiri nje. Sasa nakuambia wewe.

Hakuna aliyenitishia.

Siku ile nilipanda lifti nikiwa tayari. Nilikuwa na maneno. Niliyafanyia mazoezi bafuni. Niliwakuta wawili, mwanamume na mwanamke, mwanasheria ni mwanamke. Wakasimama niliponyanyua mguu kuingia. Kahawa waliniletea kwenye kikombe cha kaure, na kisahani chake. Miezi yangu hawakuitaja. Kazi yangu hawakuitaja. Yule mama aliniuliza habari za baba. Alijua kwamba alifanya kazi kwenye tanuri la chuma, alijua hata mwaka aliostaafu. Akasema, "Bwana Wojtas, tunajua hukukusudia ubaya wowote. Hii ni karatasi ya kuweka mambo sawa tu."

Niliisoma yote. Nilijua ni uongo kuanzia "faraja" hadi "wateja." Na nikaona haya, Regina. Niliona haya kuwakatalia watu waliokuwa wema kiasi kile. Nikatia sahihi, nikawashukuru kwa kahawa, nikashuka kwa ngazi kwa sababu sikujua kuiita ile lifti.

Wangenitishia ningekataa. Au napenda kudhani hivyo. Walinikalisha vizuri, na mimi nilikuwa nimechoka.

Ya tatu usiiite ushujaa. Nilipoona jina langu kwenye ule waraka wa kurasa mia nne, nilijiona nimekaa tena kwenye kile kiti, safari hii mbele ya nchi nzima.

Dolores anapiga honi. Jumatatu watakuja mezani kwako, nao watakuwa wapole. Kahawa unywe nyumbani kabla hujatoka.

Kaz